Uso Wangu Ndani ya Gunia



Leo sina mahubiri ya moto. Nina jambo la kuungama, na nimeona niliandike hapa badala ya kulisema madhabahuni, kwa sababu madhabahuni ningetafuta njia ya kulipamba. Mnanijua.

Wengine wenu mliniona Jumanne ya wiki iliyopita nikitembea kwa kasi kutoka steji ya chini, suti imefungwa vifungo vyote, uso umekunjamana. Dada mmoja muuza mboga alinisalimia nikapita bila kuitika. Dada, nisamehe. Nilikuwa naenda shuleni kwa binti yangu kugombana na mwalimu, na nilikuwa nikipanga maneno.

Mambo yalianza Jumatatu jioni. Binti yangu yuko Gredi ya 5. Alifika nyumbani soksi zimelowa, sweta ina matope hadi viwiko, na harufu ambayo mama yake aliisikia kabla hajavuka mlango. Nikamwuliza umetoka wapi. Akasema, "Baba, leo tulikuwa tunatoa takataka kwa mtaro."

Sasa sikilizeni swali langu la kwanza. Sikuuliza mtaro gani. Sikuuliza kama walikuwa na glavu. Niliuliza, "Mlikuwa mmekosa nini?"

Akanitazama. "Hatukukosa."

"Mlichelewa?"

"Hapana."

"Mlipiga kelele darasani?"

"Baba, ni projekti."

Nyinyi mliosoma katika shule za huku kwetu mnaelewa swali lile lilitoka wapi. Mnakumbuka asubuhi za Julai, baridi ya mlimani inakata masikio, mwalimu wa zamu amesimama langoni na kiboko. Ukichelewa dakika tano, hukumu yako inajulikana: okota karatasi uwanja mzima mpaka kengele ilie, vidole vimekufa ganzi. Jina lako likiandikwa kwenye orodha ya wapiga kelele, hukumu ni ile ile. Mimi nimeokota karatasi nyingi sana maishani mwangu, na kila moja niliokota nikiwa na hatia. Sikuwahi kumwona mwalimu mkuu akiinama kuokota hata ganda la pipi. Sikuwahi kumwona mwanafunzi bora akiokota. Kwa hiyo nilikua nikijua, bila mtu kuniambia kwa mdomo, kwamba takataka ni kazi ya mwenye makosa.

Ndiyo maana mtu mzima, ameokoka, amejazwa Roho, anakula ndizi ndani ya matatu kutoka Karatina na akifika Kiganjo anarusha ganda dirishani, na dhamiri haimgusi hata kidogo. Mahali fulani moyoni anajua kuna mtu aliyeandikiwa kuliokota.

Basi Jumanne nikaenda. Nilikuwa nimepanga kumwambia mwalimu kwamba sikumpeleka mtoto shule akajifunze kuwa chokoraa. Kwamba ni mtoto wa mchungaji. Kwamba washirika wangu wanauza pale pale, na wamemwona amevaa yunifomu, ameinama mtaroni. Hilo neno chokoraa nililisema njiani kwa sauti, nikiwa peke yangu. Ukiliangalia vizuri halina tusi ndani yake, kuchokora ni kuchimbua tu, kutafuta kitu kwa kijiti. Sisi ndio tuliolifanya jina la kumwitia mtoto asiye na mtu.

Mwalimu ni binti mdogo, nadhani hajafika miaka thelathini. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Hakujitetea. Alisema mtaala huu mpya unawataka watoto watoe huduma kwa jamii, sio kusoma tu juu yake, na kwamba darasa lenyewe ndilo lililochagua mtaro, wiki ile ya Siku ya Mazingira Duniani, Juni 5. Kisha akasema, "Mchungaji, naomba nikuonyeshe kitu kabla hatujaendelea."

Nyuma ya darasa kulikuwa na magunia yamepangwa ukutani. Watoto walikuwa wameainisha kila kitu. Gunia la chupa za maji na soda. Gunia la karatasi za mkate na mifuko ya kripsi. Gunia la viatu na matambara. Akafungua gunia la mwisho, akatoa karatasi moja, akaninyooshea.

Ulikuwa uso wangu.

Mnakumbuka mkutano wa injili tuliofanya wiki ya Pasaka. Mnakumbuka vipeperushi. Picha yangu katikati, kipaza sauti mkononi, na suti ile ile niliyokuwa nimeivaa asubuhi hiyo. Tulivigawa kwenye steji, sokoni, kwenye foleni za matatu za Othaya na Mukurweini, na vijana wetu wakavirusha hata kutoka kwenye lori la vipaza sauti. Wengine wakapigilia mabango kwenye miti kwa misumari. Mchapishaji alinishauri tuchukue karatasi ya kawaida. Nikakataa. Nilitaka ile nzito ya kung'aa, ili mvua isiharibu neno la Mungu.

Na kweli mvua haikuharibu. Karatasi ilikaa mtaroni wiki nyingi na bado nilijitambua. Kwenye paji la uso kulikuwa na alama ya kiatu.

"Watoto walihesabu," mwalimu akasema. "Ni 63."

Sikuwa na la kusema. Mwalimu akaongeza jambo ambalo nadhani hakukusudia liniumize, lakini liliniumiza kuliko yote. Alisema watoto wenzake walipoanza kucheka, wakisema huyu si baba yako, binti yangu hakulia wala hakubisha. Aliomba gunia lile alishike yeye. Akazikusanya zote mwenyewe, moja moja, akazigeuza uso ndani.

Na jioni ile aliponijibu nyumbani, hakusema neno juu yake. Alisema ni projekti.

Mwanzo 9, Nuhu amelala uchi hemani mwake. Mmoja wa wanawe anatoka nje na habari. Wale wawili wengine wanachukua nguo, wanatembea kinyumenyume, wanamfunika baba yao bila kumtazama. Nimehubiri habari hiyo mara nyingi, na siku zote nimewaambia mfunike aibu ya watumishi wa Mungu. Sikuwahi kufikiri kuwa mtoto wa miaka kumi angenifunika kweli, na kwamba nguo yenyewe ingekuwa gunia la viazi.

Lakini nisiishie kwenye machozi yangu, kwa sababu kuna mtu mwingine katika habari hii ambaye alipoteza zaidi ya heshima.

Mtaro ule unashuka kando ya vibanda vya mitumba. Kibanda cha mwisho, pale unapopinda, ni cha mama mmoja wa kanisa letu. Simtaji, ingawa wengi wenu mnamjua. Mwezi Mei, mvua ya masika ilipokolea, mtaro ulifurika usiku. Maji machafu yaliingia kibandani yakalowesha marobota mawili ya nguo za watoto aliyokuwa ameyanunua kwa mkopo wa chama. Jumapili iliyofuata alisimama kwenye maombi akaomba tumwombee. Nasi tukaomba. Mlikuwepo. Nilikemea roho ya hasara. Nilimkemea mla-mbegu. Jumatatu nilikwenda na wazee wawili tukapaka mafuta milango ya kibanda. Tulisimama juu ya mtaro tukiomba! Viatu vyangu vilikuwa hatua mbili kutoka kwenye karatasi zangu.

Mzee mmoja wa kanisa ameniambia nisijitwike yote, kwamba karatasi 63 haziwezi kuziba mtaro, kuna chupa na nailoni za watu wengine. Ni kweli. Magunia mengine yalikuwa makubwa kuliko langu. Lakini fundi yeyote wa maji atakuambia jinsi mtaro unavyoziba: chupa peke yake huelea ikapita, matope peke yake huteremka, ila karatasi pana ikinasa kwenye kona hushika kila kijacho. Karatasi nzito ya kung'aa hushika vizuri zaidi.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma Biblia yangu kama mtu aliyepoteza kitu ndani yake.

Yohana 6. Mikate mitano na samaki wawili. Ni mahubiri yangu ya kila mwaka, juu ya Mungu wa kuzidisha. Ila nilikuwa naishia pale watu waliposhiba. Maandiko hayaishii hapo. Yesu anawaagiza wanafunzi wakusanye mabaki, kisipotee kitu, na wanajaza vikapu kumi na viwili. Watu elfu tano wamekula, wamekaa majanini, wameinuka. Bwana aliyetoka kufanya muujiza angeweza kuusafisha mlima kwa neno moja. Hakufanya hivyo. Aliwainamisha Petro na Andrea. Wala sioni mahali walipokuwa wamekosa kitu. Hawakuwa wamechelewa.

Halafu Nehemia 3, ile sura tunayoiruka kwa sababu ni majina tu. Yerusalemu ilikuwa na lango la jaa, lango la kupitishia takataka za mji. Nani alilijenga? Malkiya mwana wa Rekabu, mtawala wa wilaya ya Beth-hakeremu. Mtawala! Ni kama leo kamishna wa kaunti avue koti ashike sepetu kwenye jaa la mji. Na mistari miwili tu juu yake yuko mtawala mwingine, Shalumu, aliyejenga sehemu yake ya ukuta pamoja na binti zake. Nimekuwa katika huduma miaka kumi na tisa na sikuwahi kuwaona hao mabinti. Nadhani ilibidi kwanza wangu atoke mtaroni.

Na sisi wa Nyeri hatuna hata haja ya kwenda Yerusalemu kutafuta mfano. Profesa Wangari Maathai alizaliwa Ihithe, hapa Tetu, mwaka 1940. Alipoanza kupanda miti na akina mama mwaka 1977, wapo wasomi waliocheka kwamba wanawake wa vijijini hawawezi kujua kazi ya misitu bila cheti. Oktoba 8, 2004, akiwa mbunge wetu wa Tetu, alikuwa njiani kuja huku alipopigiwa simu kutoka Norway kwamba ameshinda Tuzo ya Nobel ya Amani. Mwafrika wa kwanza mwanamke. Dunia nzima ikamtafuta. Yeye alisherehekea wapi? Pale Outspan, akiutazama Mlima Kenya, alipiga magoti akatia mikono udongoni akapanda mti. Siku kubwa kuliko zote maishani mwake ilimkuta na udongo kwenye kucha. Mama huyo alikuwa akipiga kelele pia juu ya mifuko myembamba ya plastiki inayotuama maji na kuzalisha mbu, na aliaga dunia mwaka 2011 kabla ya kuona serikali ikiipiga marufuku Agosti 28, 2017.

Marufuku ile ilisaidia, tuseme ukweli. Mnakumbuka mikaratasi ilivyokuwa ikining'inia kwenye ua na michongoma kama maua? Ndugu mmoja wa kanisa alipoteza ng'ombe wa maziwa miaka ile, na daktari alipompasua alikuta bonge la nailoni tumboni kubwa kama mpira. Siku hizi faini ya mifuko hiyo ni kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au kifungo cha mwaka mmoja hadi minne, na duka kubwa halithubutu kukupa. Lakini sheria ilichukua mfuko na haikuchukua mkono unaotupa. Mkono ukahamia kwenye chupa na daipa.

Sasa niseme na wazazi, kwa sababu najua kundi la WhatsApp la darasa lile linawaka moto, na wengine mnanitaja kama mtetezi wenu. Nimejiuzulu kazi hiyo. Hata hivyo kuna jambo moja mnalosema ambalo ni la haki, na nililisema na mwalimu kwa upole niliokuwa nao baada ya kuona gunia. Mtoto asitie mkono mtupu mtaroni. Kuna vigae vya chupa, kuna sindano, kuna daipa. Watoto walikuwa na glavu chache za kupokezana, na soksi zilizolowa maji yale si jambo la kuchekea. Glavu na gambuti ni wajibu wetu sisi wazazi, na vitu vya hatari viokotwe na watu wazima. Pia mtoto asigeuzwe kuwa mfanyakazi wa bure wa kaunti. Katiba ya mwaka 2010 imeipa kaunti kazi ya kuondoa taka, nasi tunalipa ada. Tudai. Mwandikie MCA wako barua, usimpigie makofi tu akija kanisani na bahasha.

Lakini usiniambie tena kwamba mtoto amedhalilishwa. Niliyedhalilishwa ni mimi, na nilistahili.

Mtaro ule huishia wapi? Niliwahi kudhani huishia pale kwenye kona. Siku ile mwalimu alinionyesha ramani ambayo watoto walichora ukutani kwa kalamu za rangi. Mtaro unaingia Chania. Maji ya Chania yanafika Sagana, na Sagana ndiyo Tana. Tana inaingia bwawa la Masinga, inapita Garissa, inapita kwa ndugu zetu Wapokomo wanaolima kandokando yake, inamwagika Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Mtoto mmoja alikuwa amechora chupa ndogo kwenye kila kituo. Kando ya samaki wa baharini mtu aliandika: imetoka Nyeri. Sijawahi kukanyaga Kipini. Huenda uso wangu umeshafika.

Hivi ndivyo baraza la kanisa lilivyoamua Ijumaa, na niseme lilikuwa baraza refu. Hatutachapisha vipeperushi tena. Matangazo yatapita hapa, kwenye simu na redioni, na waliozoea kushika karatasi watuvumilie. Mabango yaliyo kwenye miti yatang'olewa pamoja na misumari yake, na vijana wameshaanza upande wa Kamakwa. Maji ya wageni wa mkutano tutaweka kwenye mtungi na vikombe. Mzee mmoja aliuliza wageni mashuhuri wataonaje kupewa kikombe. Tukamwambia watakunywa.

Na sadaka ya Jumapili hii ya pili inakwenda kwa mama wa kibanda cha mwisho, kufidia marobota. Si msaada, wapendwa, ni deni. Tafadhali mtu asimpongeze.

Nilikwenda kumwomba msamaha Jumatano. Sikuwa na mafuta wala wazee. Nilimweleza yote, nikamwonyesha karatasi. Aliitazama muda mrefu, akaifuta matope kwa kidole, akanirudishia. Nilitegemea aseme yameisha, Pastor, Mungu ni mwema. Alisema, "Pastor, ile siku mlikuja kuniombea, nilikuwa nataka niwaombe mnishikie jembe tufungue mtaro. Wanaume watatu, ingechukua nusu saa. Lakini nikaona vile umevaa, nikaona haya."

Nimelala na maneno hayo siku nne.

Basi Jumamosi, baada ya maombi ya alfajiri, tukutane saa moja kamili kwenye kona ya mtaro. Watu wazima pekee siku hiyo ndio watakaoingia ndani, na watoto watakaa juu wakiainisha, kwa kuwa wao ndio wanaojua kazi. Njoo na glavu, sepetu au reki, na mwenye toroli alete. Chai itakuwepo, leta kikombe chako. Binti yangu ataandika majina ya waliofika. Ameniambia nisije na suti.